Jalada la Laga Dima

Merti, 9 Machi 2021

Kwa Mama Irungu,

Asalaam aleikum. Najua wewe ni mtu wa kanisa, lakini miaka ishirini na sita umekaa Isiolo ukiitikia salamu yangu, sitaibadilisha leo eti kwa sababu umestaafu.

Sikupiga simu kwa sababu mbili. Wakili wetu Roda amenikataza kuongea habari za kesi kwenye simu. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba neno lisiloandikwa, kwa serikali ni kama halikusemwa. Barua hii inakuja na pickup ya saruji inayorudi mjini tupu. Dereva nimempa chai ya bure, asipokuletea niambie nimdai.

Neno lenyewe ni hili: tumeshinda. Korti imeagiza jalada lote la tume ya Laga Dima litolewe hadharani, kila karatasi, watu wasome. Miaka saba, Mama Irungu! Wachungaji tisa waliuawa kwenye kisima kile cha Laga Dima, ng'ombe mia tatu wakapakiwa kwenye malori mchana kweupe. Tume ikaja, ikakaa ukumbini wiki tatu, ikanywa soda, ikaandika, ikaondoka, na ilichoandika kikafungiwa kabatini. Kitu kimoja tu kilitoka nje, nacho kilitangazwa redioni: kwamba dereva Dabasso Guyo ndiye aliyewaonyesha wezi njia, kisha wakakosana naye wakamuua. Mume wangu, ambaye alikuwa akirudisha hata sarafu akiiokota njiani.

Zeinab wangu ana miaka kumi na tano sasa. Wiki jana msichana mmoja shuleni alimwambia, "Wewe nyamaza, babako aliuza watu." Hakulia. Alirudi nyumbani akaosha vyombo vyote vya hoteli yangu ya chai, hata vilivyokuwa safi.

Wewe ndiye uliyekuwa karani wa tume ile. Sijawahi kukuuliza, nawe hujawahi kusema, na nimekuheshimu kwa hilo. Leo nauliza. Mle ndani kuna kitu cha kumsafisha Dabasso? Nijibu ndiyo au la. Kama ni la, niambie mapema nijiandae.

Shemeji yangu Chachu wala usimtaje. Yuko Leparua na ng'ombe wake. Alizaliwa baba mmoja mama mmoja na Dabasso, na kwetu Waborana ndugu wa marehemu ndiye wa kwanza kumtazama mjane. Huyu tangu siku ile hajakanyaga mlango wangu hata kuuliza kama watoto wamekula.

Ni mimi,
Bisharo (Mama Zeinab)


Isiolo mjini, 15 Machi 2021

Mama Zeinab,

Habari za Merti? Barua yako nimeipata jana. Dereva analalamika kwamba chai ilikuwa bila mandazi. Nimeiandika namba moja kwa wino mwekundu na kuifungulia jalada lake. Cheka tu. Nimetoka masjala lakini masjala haijanitoka.

Ulichouliza sitakujibu. Niliapa kwa Biblia mbele ya wazee watatu wa tume kwamba nilichosoma pale kitabaki pale. Mashahidi waliingia kwa mlango wa nyuma, wengine wamejitanda shuka mpaka machoni, wakaahidiwa kwamba majina yao hayatajulikana. Nikikwambia wewe, hata kama ni wewe, kiapo kimekwenda.

Nitakwambia kile ambacho si siri, ni kazi tu. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba yake kwa wino mwekundu, na anayeipa namba huweka sahihi ndogo pembeni. Jalada la Laga Dima lina karatasi mia mbili na kumi na mbili, na sahihi zote ni zangu. Likitoka na mia mbili na kumi na moja, piga kelele. Mwambie Roda ahesabu kabla hajasoma.

Kuhusu shemeji yako, usimhukumu haraka. Siongezi neno.

Mimi niko salama, goti tu linanisumbua. Mwezi ujao nitakuwa na shughuli, kuna kazi ya mkataba nimeitiwa. Usishangae nikichelewa kujibu.

Wako,
Wamucii (Mama Irungu)


Merti, 28 Aprili 2021

Mama Irungu,

Asalaam aleikum. "Usimhukumu haraka. Siongezi neno." Wewe unapima maneno kwa kijiko cha dawa! Basi nimenyamaza. Simhukumu haraka, nimemhukumu polepole, miaka saba.

Jana Mheshimiwa alinitumia mtu. Unamjua Mheshimiwa ninayemsema, yule ambaye watu hunong'ona kwamba malori ya siku ile yalikuwa yake, kisha wanatazama nyuma. Huyo mjumbe wake alikuja na sauti laini kabisa. "Dada Bisharo, hiyo maneno ni ya zamani. Wacha hiyo karatasi ilale. Mheshimiwa anaweza somesha hawa watoto mpaka chuo." Nikamwambia, "Mwambie nimefunga. Mwezi huu sili kitu cha mtu mchana, na usiku niko na uji yangu." Aliondoka bila kuaga.

Nikueleze ukweli, alipoondoka nilifunga hoteli mapema. Lakini ukinisikia nimerudi nyuma, ujue si mimi, ni mtu amevaa buibui yangu. Nataka watoto wangu wasikie jina la baba yao likisomwa, na wakae wima. Kama jalada litasema aliuza watu, nitalisikia pia, nikiwa nimesimama.

Kazi yako hiyo ya mkataba ni ipi? Hata hilo ni siri?

Bisharo


Merti, 17 Mei 2021

Mama Irungu,

Limetoka! Jana saa nne asubuhi Roda alilituma kwa simu ya Zeinab, na kabla ya adhuhuri hoteli yangu ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Karatasi mia mbili na kumi na mbili, tulizihesabu kama ulivyosema. Zeinab alisimama juu ya kreti ya soda akasoma. Kila penye jina la shahidi pamepakwa wino mweusi, mistari imenyooka kama ya rula. Mzee mmoja akasema, "Hii serikali imejua kupaka wanja." Watu wakacheka, tukaendelea.

Akafika kwa Shahidi Namba Kumi na Nne. Nakunakilia, ingawa najua unayajua:

"Nilikuwa nimepeleka fahali wangu kunywa maji, yule wa kijivu, pembe ya kushoto imeinama mpaka shavuni, sikio la kulia limepasuliwa mara mbili. Niliona msururu wa malori na watu wenye bunduki. Wachungaji walikuwa wameshaanguka. Dereva wa lori la kwanza aliambiwa afungue nyuma ng'ombe wapakiwe. Alishuka akatupa ufunguo kisimani. Akasema, hizi ng'ombe ziko na wenyewe, na wenyewe ndio hawa wamelala hapa, mimi sibebi. Wakampiga risasi mbili. Aliyetoa amri nilimwona uso."

Na jina la aliyetoa amri halikupakwa chochote, maana korti iliagiza yafichwe majina ya mashahidi tu. Limeandikwa lote, la Mheshimiwa, na kibali cha kusafirisha ng'ombe wale kiko nyuma yake, kina sahihi yake, na tarehe ya siku moja kabla ya watu kuuawa.

Alitupa ufunguo. Miaka saba nimekula na kulala na maneno ya redio, kumbe mume wangu alitupa ufunguo. Nililia mbele ya wateja na sikujali. Zeinab yeye hakulia. Alirudia mistari ile mara tatu kwa sauti, mpaka walio barabarani wakasimama.

Lakini nisikilize. Alipomsoma yule fahali mara ya kwanza, vijiko vilitulia vikombeni. Ukitaka kumjua mtu huku, humuulizi jina, unamtazama ng'ombe wake. Merti nzima, hata mtoto wa chekechea, anamjua fahali yule. Anaitwa Dalacha, na ni wa Chachu.

Chachu, Mama Irungu! Alikuwepo. Ndiye aliyesema.

Na huyo aliyepaka wino ameficha jina, umri, kijiji, namba ya kitambulisho, mpaka jina la mke. Kisha akamwacha fahali amesimama katikati ya ukurasa! Ni mjinga gani huyo? Si afadhali angeandika "Chachu Guyo" kwa herufi kubwa akapumzika?

Bisharo


Isiolo mjini, 19 Mei 2021

Mama Zeinab,

Mjinga huyo ni mimi.

Hiyo ndiyo kazi ya mkataba. Waliniita kwa sababu nalijua jalada kuliko mtu yeyote aliye hai, na nilikubali kwa sababu niliogopa wakimpa mwingine atachomoa karatasi. Wiki tatu nilikaa na rula na kalamu nene. Nilikagua kila karatasi mara mbili, nikaona nimewafunika mashahidi wote vizuri kabisa. Nilijivuna, nakwambia kweli.

Kwetu Mukurwe-ini ng'ombe ni wawili, wako zizini, wana maziwa au hawana. Niliposoma "fahali wa kijivu" niliona fahali wa kijivu. Miaka yote hiyo nimekula nyama yenu na kuhudhuria harusi zenu, na bado sikujua kwamba pembe ya ng'ombe inaweza kumtaja mtu. Nimemtoa Chachu hadharani kwa mkono wangu. Tangu barua yako ifike sijapata usingizi, na chakula hakipiti.

Sasa kuna jambo moja la kufanya na ni la haraka. Watu wa Mheshimiwa ni watu wa ofisi, kwao pia fahali ni fahali, huenda bado hawajaelewa. Roda anasema anaweza kwenda kortini kuomba karatasi ya Namba Kumi na Nne irudishwe kabatini. Itakubaliwa, kwa sababu maisha ya shahidi yako hatarini. Lakini karatasi ikirudi, haitatumika tena kwa kesi, na ripoti ya serikali itabaki ilivyokuwa. Dabasso atabaki mwizi wa redioni.

Wewe ndiye uliyelipigania jalada hili. Sema neno moja, nami nitakwenda kwa Roda na goti langu hili hili.

Nisamehe.
Wamucii


Merti, 22 Mei 2021

Mama Irungu,

Nimekukasirikia kutoka adhuhuri mpaka alasiri, kisha nikachoka. Ni nani angelinda zile karatasi kama si wewe? Kula chakula. Ukifa njaa nitaandikia nani?

Lakini wameelewa. Jana pickup nyeupe isiyo na namba ilipita sokoni, wanaume wawili, eti wanunuzi. "Tunatafuta fahali wa kijivu, pembe imeinama. Bei ni ile mwenyewe atasema." Muuza nyasi akawaambia fahali huyo aliuzwa Garissa. Mama wa maziwa akasema alikufa na kiangazi. Mzee wa wanja akawapeleka mpaka kwa punda wake mmoja mwenye sikio bovu, akaanza kutaja bei. Waliondoka wakitukana. Watarudi, na huenda wakawauliza watu wenye midomo myepesi.

Umeniambia niseme neno moja. Nililikaribia, Mama Irungu. Usiku mzima nilikuwa nimeshaandika "funga". Nilijiambia Dabasso ameshakufa, jina halili wala halivai, na Chachu yuko hai. Asubuhi nikaichana karatasi hiyo. Si kwa sababu nataka jalada kuliko shemeji. Ni kwa sababu shingo si yangu. Nimemtukana mtu yule miaka saba bila kumuuliza, sitamfanyia uamuzi pia bila kumuuliza.

Nimemwandikia Leparua, barua imepitia kwa Lokol mwenye duka la dawa za mifugo, naye atamsomea. Nimemweleza yote, fahali, pickup, na kwamba kuna njia ya kufunga. Nimemwomba radhi pia, maana sasa naona alikaa mbali asituletee hatari. Nimemwambia akisema tufunge, tutafunga, na mimi nitashika mkono wa Zeinab tuendelee kuishi na redio yetu. Mwambie Roda asubiri siku tano.

Bisharo


Leparua, 26 Mei 2021
(Imeandikwa na Lokol, maneno ni ya Chachu Guyo)

Shemeji Bisharo,

Asalaam aleikum. Barua yako Lokol amenisomea mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia anyamaze katikati.

Unasema nilikaa mbali ili nisikuletee hatari, kwa hivyo unaniomba radhi. Usiniombe. Hiyo ni nusu. Nusu ingine ni aibu. Siku ile nilikuwa nyuma ya Dalacha, nimeshika mkia wake, na ndugu yangu alikuwa hatua hamsini. Nilimwona akitupa ufunguo. Nilimsikia. Sikutoka. Walipompiga, nililala chini ya ng'ombe kama kupe. Ningekuja kwako na uso gani? Ungenipa chai, na watoto wangeniita baba mdogo, na mimi najua nililala chini.

Kwa tume nilienda kwa sababu niliambiwa nitafichwa. Hata kusema nilisema nikiwa nimejifunika shuka. Kwa hivyo Dabasso alisema maneno yake mbele ya bunduki, na mimi nikasema yangu chini ya nguo.

Sasa imefichuka. Huyo mama karani mwambie asilie. Usifunge jalada. Ukilifunga utakuwa umenirudisha chini ya ng'ombe.

Nakuja Isiolo kwa huyo mama. Nataka jina langu litolewe ule weusi. Lisomwe kama lile la ndugu yangu. Na siku ya korti nitasimama bila shuka.

Chachu Guyo
(kidole gumba chake ndicho hiki)


Isiolo mjini, 4 Juni 2021

Mama Zeinab,

Alikuja Jumatatu, na fimbo yake, akakataa kiti. "Wewe ndiye mama wa wino?" Nikasema ndimi. Akanitazama sana, halafu akasema, "Basi toa."

Wino hautolewi hivyo, nikamweleza. Lazima shahidi aombe kwa maandishi, hakimu amuulize mwenyewe kama amelazimishwa, kisha karatasi safi iwekwe mahali pa ile ya kwanza. Tuliandika ombi mezani pangu, sentensi tatu. Hakimu alimuuliza, "Unajua hatari yake?" Akajibu, "Najua, mheshimiwa hakimu, hiyo hatari imeshakuja kuniuliza bei ya fahali." Hata askari wa mlangoni alicheka.

Jana niliitwa kuiweka karatasi mpya. Niliipa namba yake kwa wino mwekundu na sahihi yangu pembeni. Shahidi Namba Kumi na Nne, Chachu Guyo. Imeshapelekwa mtandaoni.

Korti imeagiza alindwe. Amekataa kuhamishwa, lakini amekubali askari wawili, na nasikia ameshawapa kazi ya kuchunga ndama. Mheshimiwa alikamatwa leo saa tano akitoka kwenye mkutano. Kesi ni tarehe 21. Nitakuwa kwenye benchi la mbele, na thermos.

Wamucii


Merti, 24 Juni 2021

Mama Irungu,

Asalaam aleikum. Tulifika salama. Nakuandikia ingawa tulikuwa wote kortini, kwa sababu kuna lililotokea ukiwa haupo, na ni lazima liandikwe.

Pale kortini uliona mwenyewe. Wakili wa Mheshimiwa alimgeuza Chachu saa mbili nzima. "Wewe ni mwoga, si ndiyo? Ulijificha." Naye akasema, "Ndiyo, nilijificha. Ndio maana najua nani hakujificha." Uliona Mheshimiwa alivyoanza kutazama viatu vyake. Nimesikia kesi itakuwa ndefu, atakata rufaa, ataugua, atafanya yote wanayofanya wakubwa. Na afanye. Tarehe 14 Julai tutakuwa pale tena, na kila tarehe itakayotajwa baada ya hiyo.

Sasa ya huku. Jana Chachu alikuja nyumbani na askari wake. Alisimama nje ya ua kama mgeni mpaka Zeinab akaenda akamshika mkono. Nilimpa maji, akanywa.

Halafu mlango ukabishwa. Alikuwa Mama Liban. Mwanawe Liban ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote kati ya wale tisa, alikuwa na miaka kumi na sita. Mwanamke huyu hajanisalimia tangu 2014. Akiniona sokoni alikuwa akivuka upande wa pili. Nikasimama, sikujua amekuja kwa heri au kwa shari. Akavua viatu, akaingia, akakaa chini kwenye mkeka.

Wewe ulikuwa Isiolo wakati ule, hukuona. Dabasso alipozikwa hakuna aliyekuja matanga. Waliomfukia walikuwa watu wanne, na mmoja alikuwa mimi, jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi. Hakuna aliyeketi na mimi, hakuna aliyesoma Fatiha. Nilifunga mlango nikanyonyesha mtoto.

Mama Liban akasema, "Bisharo, nimekuja matanga ya mume wako. Nimechelewa miaka saba."

Nikalala begani kwake, tukalia pamoja, kila mmoja akimlilia wake. Nilipoinua kichwa, mkeka ulikuwa umejaa wanawake, na nje Chachu alikuwa amesimama akipokea wanaume mmoja mmoja, mkono baada ya mkono, kama inavyompasa ndugu.

Zeinab akaniuliza apike chai ya watu wangapi. Nilichungulia nje, na watu walikuwa wamejipanga mpaka msikitini. Nikamwambia abandike sufuria zote.

Bisharo, mke wa Dabasso Guyo